Nilivyouza Gari la Baba Mkubwa Bila Kuliuza

Jamani, kuna aibu za kuficha na kuna aibu ambazo hata ukizificha, Buyenzi nzima, mtaa wetu hapa Bujumbura, itakusaidia kuzifichua, kwa hiyo bora hii niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Fiston, maana yule akisimulia huwa anaongeza mbwa na polisi, na siku ile mbwa hakuwepo (polisi alikuwepo mmoja, lakini alikuja kuuliza bei).

Mnanijua mimi Zaituni, kompyuta ndiyo iliyonifukuzia hata wachumba. Wakati huo nilikuwa nimezama kwenye chombo kimoja cha kutengenezea kurasa za mtandao, cha bure kabisa, kimetengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na kila mtu anaruhusiwa kukifungua ndani, kukitazama kilivyo na kukirekebisha. Jina lake la kigeni linakwama kooni, mimi nikakiita Kibanda, kwa sababu unasimamisha ukurasa upesi kama mtu anayesimamisha kibanda cha ndizi: unaandika maneno yako, unaweka picha, unabonyeza "Chapisha", basi, unaonekana mpaka Japani. Na Kiswahili cha Kibanda ni mimi niliyekiweka, jioni baada ya jioni, kila kitufe, kila onyo, mpaka Mama Mkubwa akaanza kuuliza kama nimerogwa.

Sasa wenye Kibanda wakaniandikia, kwa adabu sana, kwamba wanapunguza lugha ambazo hazina watumiaji, na Kiswahili kina mtumiaji mmoja tu ambaye ni mimi niliyekitafsiri, kwa hiyo kama mpaka Jumamosi jioni hawajaona watu wapya kumi wamechapisha kurasa zao za kwanza kwa Kiswahili, watakiondoa. Nilisoma ule ujumbe nikalia, sioni haya kusema. Kiswahili! Lugha ya bibi yangu, eti iondolewe kama kiti kibovu.

Watu kumi si wengi, mtasema. Haya, jaribuni. Baba Mkubwa Salumu, kaka yake marehemu baba yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alinipa stoo ya nyuma ya duka lake la vipuri nifundishie humo. Darasa la kwanza alikuja binamu yangu Hadija na mama mmoja aliyetaka kuchaji simu. Darasa la pili alikuja Hadija peke yake, naye akasema wazi amekuja kwa ajili ya chai. Jumamosi ile ya mwisho, asubuhi, nimekaa kwenye benchi nimeshika tama, Hadija akaniambia:

"We Zaituni, mifano yako haina chumvi. 'Ukurasa wangu wa kwanza, karibuni nyote.' Nani atatoka kwake juu ya hiyo? Weka kitu mutu wa Buyenzi anapenda."

Na mtu wa Buyenzi anapenda nini kama si gari? Sisi hapa mtoto anajua kupangusa plagi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Nikatazama uani. Pale, chini ya turubai, limelala gari la Baba Mkubwa, la kijani, la zamani, lile analoliosha kila Ijumaa kabla ya kujiosha mwenyewe. Haliendeshwi na mtu mwingine, haliazimwi, na kama kuna vumbi halitoki. Siku ile yeye na Mama Mkubwa walikwenda mtaa wa Kibenga kumwona mjukuu, na walikwenda na gari la Shemeji Idi, mkwe wao, kwa sababu Baba Mkubwa aliona barabara ya kule itamchafulia matairi. Watu mtaani walikuwa wanasema Mzee Salumu atauza gari lake siku ya kufa.

Hapo ndipo shetani aliponikalia begani. Nikavuta turubai, nikalipangusa, nikalipiga picha likiwa linametameta, nikatengeneza ukurasa: "GARI LINAUZWA LEO. Halijawahi kugongwa. Familia inauza, njoo ujionee, Buyenzi, kwa Mzee Salumu." (Niliandika "familia" kwa sababu niliona haya kumtaja yeye mwenyewe kama muuzaji, mnaona nilivyo na heshima.) Halafu chini, kwa herufi ndogo nzuri, nikaeleza: "Huu ni mfano tu. Ukurasa huu nimeutengeneza kwa Kibanda, bure, kwa Kiswahili. Na wewe unaweza. Njoo leo saa nne, stoo ya nyuma ya duka." Nikabonyeza Chapisha, nikautuma kwenye grupu la mtaa, nikajipongeza kwa kipande cha mkate.

Nilisahau jambo ambalo mzaliwa wa Buyenzi hana ruhusa ya kulisahau. Komisioneri wa magari, yaani dalali, hapitishi habari ikiwa na jina la mwenyewe. Akipata tangazo, anachukua picha na maneno ya juu, anakata mengine yote, anaweka namba yake, anatuma. Anayeipata kwake anafuta ile namba, anaweka yake, anatuma. Hivyo ndivyo wanavyofanya kazi, maana ukimwonyesha mwenzako chanzo, keshokutwa utamkuta ameshakunywa chai na mwenye gari na komisheni yako imepita na maji. Kwa hiyo yale maelezo yangu mazuri ya chini yalikatwa na mtu wa kwanza kabisa, na hayakuonekana tena duniani.

Saa nne ikafika. Nimepanga mabenchi, nasikia viatu uani, viatu vingi! Nikamfinya Hadija: "Wapya hao!" Akaingia Fiston, komisioneri wa mtaa jirani wa Bwiza, kijana wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, na nyuma yake mabwana wawili wenye matumbo ya heshima.

"Karibuni, karibuni, kaeni," nikasema, karibu niwakumbatie.

"Apana, sisi tutasimama tu. Iko wapi?"

"Iko kwenye simu."

"Kwenye simu?" Fiston akavua miwani.

"Ndiyo, tunaanza nayo kwenye simu, polepole, halafu kila mtu ataitengeneza yake mwenyewe."

Bwana mmoja mwenye tumbo akamgeukia Fiston kwa uchungu: "Mais, wewe umesema ni nzima, kumbe ni ya kutengeneza?"

Nilipoelewa nilicheka, ndiyo, nilicheka, nikawaeleza ni mfano, gari haliuzwi. Fiston akanikonyeza. "Nimekusikia, dada. Umepata mutu wa kutoa zaidi. Haina shida, tutaongeza." Na kabla sijamjibu wameshatoka uani, na uani wapo makomisioneri wengine, kila mmoja na mteja wake, kila mmoja anadai gari amepewa yeye, boneti imefunguliwa, mafundi wawili wamelala chini miguu nje, na mmoja anauliza taa za mbele zinauzwa peke yake au vipi. Nikapiga kelele ni mfano! ni mfano! Wakapandisha bei.

Sasa Bi Mwavita, jirani yetu, mwanamke mwenye moyo mzuri na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, akachungulia juu ya ukuta. Akaliona gari halina turubai. Akawaona wanaume chini yake. Akasikia "familia inauza". Mimi nilimwona anavyopiga hesabu usoni, jamani, na sikuwahi kumzuia.

"Salumu auzishe gari yake angali anapumua?" akasema. "Apana. Apana! Yoo, Salumu wee!"

Kwetu maiti haicheleweshwi, kwa hiyo na watu hawachelewi. Kile kipande changu cha mkate kilikuwa bado hakijashuka tumboni, wanawake wameshaingia na mikeka na masufuria, kuni zinapasuliwa, mchele unachaguliwa, wanaume wameyatoa mabenchi yangu ya darasa wameyapanga barabarani, na ndani ya stoo, mbele ya ubao wangu ulioandikwa "Karibu Kibanda", vijana wamekaa wanasoma Kurani. Nikazunguka kwa kila mtu: "Baba Mkubwa hajafa! Yuko Kibenga, anambeba mjukuu!" Wakatazamana. "Maskini," akasema mmoja, "huzuni imempanda kichwani." Wakanikalisha mkekani, wakanifunika kanga, wakaninywesha maji ya sukari. Kila nikifungua mdomo wananinywesha.

Nikamtazama Hadija, shahidi wangu, mwanafunzi wangu wa pekee. Analia! Analia kwa kujitupa!

"We Hadija, unalia nini na we unajua?"

"Najua," akasema huku anafuta kamasi, "lakini wanalia vizuri sana."

Nilikaa chini ya ile kanga nikaona dunia inanicheka. Mtu aliye hai analiliwa na mtaa mzima, na Kiswahili changu kinakufa jioni hiyohiyo bila hata mtu mmoja wa kukisindikiza. Watu mia wamejaa uani, kila mmoja ana simu mkononi, na sina mpya hata mmoja! Iliniuma, wallahi, iliniuma kuliko aibu yenyewe.

Halafu likaingia jeneza. Ndiyo, jeneza la msikiti, mabegani mwa wanaume, na mbele kabisa nani kama si Mzee Ramazani, mwenye duka la kutazamana na letu, ambaye yeye na Baba Mkubwa hawakusalimiana miaka na miaka kwa ajili ya giaboksi moja ambayo kila mmoja anasema ni yake. Mzee Ramazani machozi yanamtiririka mpaka ndevuni. "Maiti iko wapi?" anauliza. Nikawapigia simu Kibenga, Baba Mkubwa simu yake imezimwa kama kawaida (anasema betri nayo inahitaji kupumzika), Shemeji Idi simu yake inatumika.

Kumbe inatumika na Fiston.

Fiston, kazi ni kazi, alikuwa amesimama kando ya jeneza akitafuta mnunuzi mwenye hela ya kweli, na mtu aliyemjia kichwani ni bwana mmoja wa Kibenga aliyewahi kumtafutia gari. Namsikia kwa masikio yangu: "Bosi, iko gari hapa Buyenzi, safi, ya kijani, mwenyewe amefariki leo asubuhi, familia inataka kumaliza mbele ya mazishi... Ndiyo bosi, Mzee Salumu, yule wa vipuri, Mungu amulaze... Allo? Bosi?" Akaisogeza simu mbali na sikio. Uso wake ukabadilika rangi, akaja kwangu polepole, akanipa simu kwa mikono miwili.

"Dada Zaituni," akasema, "marehemu anataka kuongea na wewe."

Bosi mwenyewe kumbe ni Shemeji Idi, alikuwa ameweka simu kwenye spika, na mzee amekaa pembeni yake.

"Zaituni," ikasema ile sauti. "Mi nimekufa saa ngapi?"

"Baba..."

"Na gari yangu mumeiuza faranga ngapi?"

"Baba, ni mfano tu."

"Nakuja."

Nikasimama nikatangaza kwa nguvu zote: "Anakuja! Baba Mkubwa anakuja!" Wanawake wakaongeza kilio, na Bi Mwavita akaja na maji mengine ya sukari.

Hazikupita dakika nyingi. Gari la Shemeji likasimama kwenye kona, akashuka Baba Mkubwa, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, ndevu nyeupe, anatembea katikati ya barabara. Kilio cha Bi Mwavita kilikatikia katikati, mdomo ukabaki wazi. Waliobeba jeneza wakaliachia upande mmoja. Mama mmoja akaanza kukimbia na sufuria la mchele kichwani. Fundi mmoja tu, aliyekuwa bado chini ya gari na haoni kitu, akauliza: "Sasa bei ya mwisho ni ngapi?"

Baba Mkubwa hakututazama. Alikwenda kwanza kwenye gari, akaifunga boneti taratibu, akaipangusa kwa mkono wa kanzu, akamgonga yule fundi mguuni kwa fimbo atoke. Ndipo akageuka.

"Nani?"

Vidole vyote, jamani. Vyote vikanielekea mimi, na cha Hadija kilitangulia.

Nikatoka chini ya kanga, nikamwonyesha ukurasa, nikamweleza yote, mbele ya watu wote, Kibanda, wapya kumi, lugha itakayoondolewa jioni. Sikujua kama naomba msamaha au naomba msaada. Akavaa miwani. Akasoma neno kwa neno, akafika mpaka chini kwenye zile herufi ndogo.

"Hapa imeandikwa ni mfano."

"Ndiyo, Baba."

"Fiston, we hukuona?"

"Mzee, mi nilipata picha tu."

"Kwa nani?"

Fiston akamwonyesha mwenzake, mwenzake akamwonyesha mwingine, wakazunguka hivyo mpaka wakarudi kwa Fiston. Watu wakaanza kucheka kwa pua.

"Na hii kufa kwangu, imefika wapi?"

Bwiza imefika, akasema mmoja. Uvira, akasema mwingine. Bi Mwavita akasema kwa sauti ndogo (sikujua anayo) kwamba dada yake wa Rumonge ameshapanda basi.

Baba Mkubwa akachukua kiti, akakiweka langoni, akakaa, akalaza fimbo magotini. "Bon," akasema. "Mumenitangaza wenyewe, mutanifufua wenyewe. Hapa hatoki mutu. Kila mutu atatengeneza ukurasa wake, aandike Salumu ni mzima na gari haiuzwi, autume kwa wote aliowatumia. Zaituni, wafundishe!"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia: "Wafundishe, unangoja nini, wanizike?"

Jamani, mliwahi kufundisha kilio kizima? Watu walikaa kwenye ile mikeka ya matanga, simu mkononi, nami naruka huku na kule na kanga bado shingoni, "bonyeza hapa, andika pale, apana, si hapo mama, hapo unafuta!" Na kila anayebonyeza Chapisha akaona jina lake limetokea kwenye mtandao, anapiga yowe, na wenzake wanajibu kwa vigelegele, mpaka ukadhani ni harusi. Makomisioneri walishika upesi kuliko wote. Fiston aliandika: "Mzee Salumu ni mzima. Gari haiuzwi. Kwa magari mengine, muone Fiston." Yule polisi aliyekuja kuuliza bei naye alitengeneza wa kwake, akauliza kama anaweza kuweka picha ya mtoto wake. Bi Mwavita alitengeneza mitatu kwa raha zake. Mchele ulikuwa umeshaoshwa, nani atautupa, ukapikwa pilau, tukala mazishi ya mtu huku mwenyewe anaomba aongezewe nyama.

Mzee Ramazani alikuwa amekaa pembeni, hana miwani, haoni herufi. Baba Mkubwa akamtazama kwa muda mrefu. Halafu akainuka, akamvalisha miwani yake, akakaa naye mkeka mmoja, na Mzee Ramazani akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja: "Salumu yuko hai. Mungu amuweke. Giaboksi bado ni yangu." Baba Mkubwa alicheka mpaka kofia ikadondoka.

Jioni ujumbe ukaja kutoka kwa wenye Kibanda. Walitaka wapya kumi, wameona kurasa za Kiswahili zinamiminika mpaka wamepoteza hesabu, lugha inabaki, hongera. Ila wana swali moja: huyu Mzee Salumu ni nani, mbona mji mzima unatangaza kwamba yuko hai? Wakaongeza kwamba wao pia wamefurahi kusikia ni mzima.

Nilimtafsiria Baba Mkubwa pale langoni, watu wameshakwenda, mikeka inakunjwa. Nilitegemea kupigwa. Yeye akaniuliza: "Ramazani alikuwa analia kweli?"

"Kweli, Baba. Mpaka ndevu zililowa."

"Mi nilifikiri nikifa watakuja wawili, na wote wanataka gari." Akajipangusa macho akasingizia moshi wa pilau. Halafu akasema stoo ni ndogo, wiki ijayo nifundishie mbele dukani, na gari nilifunike sasa hivi, na nikiligusa tena atanizika mimi, na mimi hatanifufua.

Kwa hiyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: sitaweka tena mali ya mtu aliye hai kwenye mfano, wala ya aliyekufa. Siku hizi wapya wangu nawafundisha kwa picha ya ngamia, kwa sababu katika Bujumbura yote, kutoka Buyenzi mpaka Kibenga, hakuna mtu mwenye ngamia. Jana Fiston amenipigia, anataka kujua huyo mnyama amefungwa mtaa gani, maana mteja wake ameshapanda teksi.